Kuchagua Kinasa cha Televisheni ya Setilaiti chenye Tyuna Mbili

Katika maduka ya vyombo vya umeme huuzwa ving'amuzi ambavyo, pamoja na kupokea televisheni ya setilaiti, huweza pia kunasa vipindi na kuvihifadhi kwenye diski iliyomo ndani yake. Juu ya kasha la baadhi ya vyombo hivyo huandikwa kwamba kina tyuna mbili, na aghalabu bei yake huwa kubwa kuliko ya chombo chenye tyuna moja. Mnunuzi huelezwa kwamba ataweza kutazama kipindi kimoja huku chombo kikinasa kingine, au kunasa vipindi viwili vya stesheni mbalimbali kwa wakati mmoja.

Maelezo hayo ni ya kweli, lakini yana sharti moja ambalo mara nyingi mnunuzi halielezwi: kila tyuna lazima iwe na njia yake yenyewe ya kufika kwenye ungo. Sharti hilo lisipotimizwa, tyuna ya pili huwa imelipiwa bure. Chukuliwe mfano wa shule ya sekondari yenye ungo mmoja na kebo moja inayoingia maktabani. Mwalimu wa kemia anataka kunasa kipindi cha saa 2:00 usiku; mwalimu wa jiografia anataka kipindi cha stesheni nyingine kinachoanza saa 2:30 kabla cha kwanza hakijaisha. Shule ikinunua chombo cha tyuna mbili na kukiunga kwenye kebo ileile, huenda mmoja wa walimu hao asubuhi akakuta diski haina kitu, ingawa chombo ni kizima. Makala haya yanaeleza sababu ya jambo hilo kwa kutumia fizikia ya mawimbi inayofundishwa shuleni, kisha yanaonyesha mambo ya kuangalia kabla ya kununua.

Safari ya mawimbi

Setilaiti za televisheni huzunguka juu ya ikweta, kilometa 35,786 kutoka usawa wa bahari. Katika kimo hicho setilaiti humaliza mzunguko mmoja kwa muda uleule ambao dunia hujizungusha mara moja, kwa hiyo mtu aliye ardhini huiona kama imesimama mahali pamoja. Mwandishi na mtaalamu wa Uingereza, Arthur C. Clarke, alieleza mwaka 1945 jinsi mahali hapo pangeweza kutumika kwa mawasiliano. Kwa sababu setilaiti haihami, ungo hufungwa mara moja tu, ukaelekezwa na kukazwa.

Mawimbi yanayotumika kwa televisheni ya majumbani aghalabu huwa na masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, kati ya gigahezi 10.7 na 12.75. Mwanafunzi anaweza kukokotoa urefu wa wimbi la gigahezi 12 kwa kugawanya mwendo wa nuru kwa masafa:

300,000,000 ÷ 12,000,000,000 = 0.025

Urefu huo ni meta 0.025, au sentimeta 2.5. Mawimbi hayo hufika ardhini yakiwa dhaifu mno. Kazi ya ungo ni kuyakusanya kutoka eneo lake lote na kuyaelekeza kwenye nukta moja, na katika nukta hiyo hufungwa kichwa kidogo ambacho mafundi hukiita LNB.

Kazi ya LNB

LNB hufanya kazi mbili. Kwanza, hukuza mawimbi hayo dhaifu. Pili, huyashusha masafa, kwa kuwa mawimbi ya gigahezi 12 yakipitishwa katika kebo ya kawaida hupoteza nguvu zake nyingi katika meta chache tu. Ndani ya LNB mna osileta, yaani chombo kinachozalisha mtetemo wa masafa yasiyobadilika. Masafa ya osileta hutolewa katika masafa ya mawimbi yaliyopokewa, na tofauti inayobaki ndiyo huteremka kwenye kebo.

LNB ya aina iliyoenea sana ina osileta mbili. Moja ni ya gigahezi 9.75, nayo hutumika kwa ukanda wa chini, kuanzia gigahezi 10.7 hadi 11.7. Nyingine ni ya gigahezi 10.6, nayo hutumika kwa ukanda wa juu, kuanzia 11.7 hadi 12.75. Hivyo mawimbi ya ukanda wa chini huteremka yakiwa na megahezi 950 hadi 1950, na ya ukanda wa juu yakiwa na megahezi 1100 hadi 2150.

Tena, setilaiti huongeza idadi ya stesheni kwa kurusha mawimbi yenye mikao miwili: yale yanayotetema wima na yale yanayotetema kwa mlalo. Mawimbi ya mikao hiyo huweza kutumia masafa yaleyale bila kuingiliana, madhali LNB huweza kuyatenga.

Kwa hiyo stesheni zote za setilaiti hugawanyika katika mafungu manne, na LNB yenye tundu moja hupitisha fungu moja tu kwa wakati. King'amuzi huiagiza LNB kupitia kebo ileile inayoleta picha. Maagizo hayo ni haya:

Volti 13 bila mlio: mkao wa wima, ukanda wa chini.
Volti 18 bila mlio: mkao wa mlalo, ukanda wa chini.
Volti 13 pamoja na mlio wa kilohezi 22: mkao wa wima, ukanda wa juu.
Volti 18 pamoja na mlio wa kilohezi 22: mkao wa mlalo, ukanda wa juu.

Mlio unaotajwa hapa si sauti ya kusikiwa na sikio, bali ni mtetemo mdogo wa umeme unaowekwa juu ya volti hizo.

Kwa nini kebo moja haitoshi

Tyuna ni sehemu ya king'amuzi inayochagua mawimbi ya masafa fulani miongoni mwa yote yaliyoteremka kwenye kebo. Tyuna mbili zikiungwa kwenye kebo moja kwa kigawaji cha kawaida, kila moja huweza kuchagua masafa yake, lakini zote mbili zimefungwa katika fungu moja la stesheni. Tyuna ya kwanza ikihitaji volti 13 na ya pili volti 18, kebo haiwezi kubeba maagizo yote mawili, na LNB haiwezi kuyatii yote.

Hata kama LNB ingelazimishwa kupitisha mafungu mawili kwa pamoja, bado pangekuwa na mgongano. Stesheni ya gigahezi 11.0 ya ukanda wa chini huteremshwa hivi: 11.0 kutoa 9.75 ni 1.25, yaani megahezi 1250. Stesheni ya gigahezi 11.85 ya ukanda wa juu huteremshwa hivi: 11.85 kutoa 10.6 ni 1.25, yaani megahezi 1250 vilevile. Stesheni mbili tofauti angani zingekuwa na masafa yaleyale ndani ya kebo, na tyuna isingeweza kuzitenganisha.

Hasara ya mnunuzi pia inaweza kukadiriwa. Stesheni zikichukuliwa kuwa zimegawanyika sawasawa katika mafungu manne, uwezekano wa stesheni mbili zilizochaguliwa bila mpango kuwa katika fungu moja ni robo. Maana yake ni kwamba mara 3 kati ya 4 vipindi viwili havitaweza kunaswa pamoja. Hii ndiyo sababu chombo hicho huonekana kufanya kazi siku moja na kukataa siku ya pili, na mwenye nacho hudhani kimeharibika.

Jinsi ya kutimiza sharti

Njia ya kwanza, na iliyo nyepesi kueleweka, ni kutumia LNB yenye matundu mawili yanayojitegemea na kushusha kebo mbili, kila moja kwa tyuna yake. Nchini Uingereza, huduma ya Sky+ ilipoanza mwaka 2001 kwa kinasa chenye tyuna mbili, kazi ya fundi haikuishia kwenye kuweka chombo sebuleni. Alipaswa pia kuhakikisha kuwa kebo mbili zinashuka kutoka kwenye ungo.

Njia ya pili hufaa jengo lenye watumiaji wengi, kama vile bweni au nyumba ya ghorofa. Hutumika LNB inayotoa mafungu yote manne kwa kebo nne hadi kwenye kisanduku kiitwacho maltiswichi. Kila tyuna katika jengo huwa na kebo yake kutoka kwenye kisanduku hicho, nayo huagiza fungu ilitakalo bila kuisumbua nyingine.

Njia ya tatu hutumia kebo moja kwa LNB ya aina ya pekee, kufuatana na kanuni ya Ulaya ya mwaka 2007 iitwayo EN 50494. Katika njia hii kila tyuna hupewa masafa yake maalumu ndani ya kebo. Tyuna hutuma ombi la stesheni, na LNB huiteremsha stesheni hiyo katika masafa ya tyuna iliyoomba. Kwa kanuni hiyo kebo moja huweza kuhudumia tyuna hadi 8. Lakini LNB na king'amuzi lazima viwe vinaijua kanuni hiyo. Kimoja kikiwa cha kawaida, mpango mzima haufanyi kazi.

Hesabu ya diski

Baada ya njia za mawimbi, mnunuzi aangalie ukubwa wa diski. Kinasa cha setilaiti huhifadhi tarakimu kama zilivyopokewa, kwa hiyo picha iliyonaswa haipungui ubora. Chukuliwe kuwa stesheni ya picha ya kawaida hutuma megabiti 4 kwa sekunde. Saa moja ina sekunde 3,600, hivyo jumla ni megabiti 14,400. Baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo saa moja huhitaji megabaiti 1,800, au gigabaiti 1.8. Stesheni ya picha angavu inayotuma megabiti 8 kwa sekunde huhitaji mara mbili, yaani gigabaiti 3.6. Diski ya gigabaiti 500 itahifadhi takriban saa 277 za picha ya kawaida, au saa 138 za picha angavu. Sehemu ya diski hutengwa kwa matumizi ya chombo chenyewe, kwa hiyo saa halisi hupungua kidogo.

Baadhi ya wanunuzi huhofu kwamba diski haitaweza kunasa vipindi viwili huku ikionyesha cha tatu. Hesabu huondoa hofu hiyo. Vipindi vitatu vya megabiti 8 ni megabiti 24 kwa sekunde, sawa na megabaiti 3. Diski za kawaida huandika na kusoma makumi ya megabaiti kwa sekunde. Kikwazo hakiko kwenye diski, bali kwenye kebo.

Mvua, umeme na kadi

Matone ya mvua hufyonza na kutawanya mawimbi yenye urefu wa sentimeta chache. Katika Afrika Mashariki ungo ulioelekezwa kwenye setilaiti iliyo karibu na utosi hupata njia fupi katikati ya mvua, lakini mvua za tropiki ni nzito, na picha huweza kukatika. Tyuna mbili haziondoi tatizo hilo, kwani zote hutegemea ungo mmoja. Ungo mpana zaidi, uliolengwa sawasawa, husaidia kuliko tyuna ya ziada.

Umeme nao hauna budi kufikiriwa. Kipindi hakinaswi chombo kikiwa kimezimika, na king'amuzi huchukua muda kuwaka upya baada ya umeme kurudi. Diski inayozunguka huweza pia kudhurika umeme ukikatika ghafla mara kwa mara. Penye tatizo hilo, betri ya akiba ni sehemu ya gharama ya kinasa.

Mwisho, katika huduma nyingi za kulipia, vipindi huhifadhiwa vikiwa vimefumbwa kwa siri, na hufumbuliwa na chombo kilekile na kadi yake tu. Chombo kikifa, diski haitasomeka katika kingine. Shule isichukulie kinasa kuwa ni maktaba ya kudumu.

Maswali ya kumwuliza muuzaji

1. Je, LNB iliyoko kwenye ungo ina matundu mangapi, na kila tundu linajitegemea?
2. Kama kebo ni moja, LNB na kinasa vinatumia kanuni moja ya kugawana kebo?
3. Bei iliyotajwa ni pamoja na LNB, kebo ya pili na kazi ya fundi?
4. Malipo ya mwezi yakikoma, vipindi vilivyokwisha kunaswa vitaendelea kuonekana?

Muuzaji asipoweza kujibu maswali mawili ya kwanza, fundi apande kwanza kutazama ungo kabla ya fedha kulipwa. Shule yenye kebo moja na LNB ya kawaida, isiyo na uwezo wa kuvibadilisha, itapata faida ileile kwa kinasa cha tyuna moja na kutumia akiba hiyo kwa mahitaji mengine.

Mazoezi

1. Stesheni moja ina masafa ya gigahezi 11.3 na mkao wa wima. (a) Itateremka kwenye kebo kwa megahezi ngapi? (b) LNB itaagizwa kwa volti ngapi, pamoja na mlio au bila mlio? (c) Ni masafa gani ya ukanda wa juu yatakayogongana nayo kwenye kebo?
2. Shule hunasa kila siku saa 2 za picha ya kawaida na saa 1 ya picha angavu. Diski ya gigabaiti 320 itatosha siku ngapi kamili?
3. Stesheni zikiwa zimegawanyika sawasawa katika mafungu manne, tafuta uwezekano wa stesheni tatu zilizochaguliwa bila mpango kuwa katika fungu moja.

Majibu: 1. (a) 1550, (b) volti 13 bila mlio, (c) gigahezi 12.15. 2. Siku 44. 3. 1/16.