Chumvi Haizuii Uzi Kuchuja: Majibu kwa Wanaoanza Kudarizi Nyumbani

Fundi, uzi mwekundu ukichuja, niuloweke kwenye chumvi au siki?

Barua za namna hii zimetoka Tunduma mjini, Mpemba, Mlowo na Vwawa. Nazijibu pamoja, maana uvumi huu umeshaharibu vitambaa vingi mno. Chumvi haikamatishi rangi kwenye uzi uliokwisha kutiwa rangi. Kiwandani hutiwa kwenye maji ya rangi pamba ikiwa humo humo, ili rangi ihamie kwenye pamba. Uzi ukishatoka huko, kazi ya chumvi imekwisha. Siki nayo ina kazi kwenye rangi fulani za sufu na hariri, na uzi wetu ni wa pamba. Mtaniambia kanga zenu ziliacha kuchuja baada ya kulowekwa kwenye chumvi. Ziliacha kwa sababu rangi ya ziada ilitoka, na maji matupu yangeitoa vilevile.

Kabla ya kutunga sindano, lowesha kipande cha uzi ukikandamize kwenye kitambaa cheupe. Kikiacha doa, suuza uzi wote kwa maji baridi mpaka maji yabaki safi, kisha anika kivulini. Kama umeshashona na wekundu umesambaa, usiache kazi ikauke wala usiipige pasi, kwa kuwa moto hulikomaza doa. Suuza, badili maji, suuza tena, hata kama ni usiku.

Kitambaa cha vyumba nimekikosa. Nishone kwenye shuka?

Hapana. Kitambaa hicho, Aida, kinapendwa kwa kuwa vyumba vyake vinahesabika: namba 14 ni mishono 14 kwa inchi, hivyo ua la mishono 70 litakuwa na upana wa inchi 5. Namba ikipanda, vyumba vinapungua ukubwa. Ukikikosa, nunua drafti ya pamba yenye miraba midogo, kila mraba uwe mshono mmoja. Anza na ua la ukubwa wa kiganja. Seti ya vitambaa vya makochi itakuja baadaye.

Mishono yangu inajaa na kuvimba.

Unashona na uzi mzima. Una nyuzi 6 ndani yake. Zitenganishe, utumie 2 kwa Aida namba 14.

Nyuzi za Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ni bora kuliko za upande wetu?

Mpaka hauongezi ubora. Zipime zote kwa maji.

Mama mkwe anasema mishono ya misalaba ni ya kanisani.

Mwambie kwa heshima kwamba wanawake wa Palestina, Waislamu na Wakristo, hupamba magauni yao kwa mshono huu. UNESCO iliuingiza udarizi wao kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2021.

Kuna mtu anataka nilipie mafunzo na vifaa, kisha atanunua kila nitakachoshona.

Usimlipe. Anayetaka kazi yako huleta oda na fedha ya kuanzia. Haji kuchukua yako.

Kudarizi kunapofusha macho?

Hakupofushi, kunayachosha. Kaa dirishani mchana, inua macho mara kwa mara utazame mbali. Ukikaribia miaka 40 tundu la sindano likaanza kukusumbua, kapimwe macho hospitali. Miwani ya kujaribishia mnadani iache hapo hapo mnadani.