Faili Lisilofungashwa: Usakinishaji wa Programu za Python na Utafiti wa Kiswahili

Makala haya yanachunguza tatizo linalowakabili wanafunzi wengi wa isimu wanaotumia tarakilishi katika utafiti. Programu iliyoandikwa kwa lugha ya Python husakinishwa bila kikwazo chochote, lakini inapoendeshwa hudai kwamba faili fulani halipo. Aghalabu mtumiaji huulaumu mtandao. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mara nyingi faili hilo halikupotea njiani. Halikutiwa katika kifurushi tangu mwanzo.

Istilahi yenyewe inasaidia kulieleza jambo hili. Kifurushi ni udogo wa furushi, na furushi halibebi ila kile alichokitia aliyelifunga. Kisimamizi cha vifurushi, mathalani pip iliyoanza mwaka 2008, ni mchukuzi tu. Hulipokea furushi, hulifungua na kuvipanga vilivyomo. Hakina habari ya kilichosahauliwa nyumbani.

Chukua mfano wa mwanafunzi anayeunda kichanganuzi cha mofolojia ya Kiswahili. Kabrasha lake lina mafaili ya msimbo yanayoishia kwa .py, pamoja na faili moja la matini, maneno.txt, lenye orodha ya mizizi ya vitenzi na mashina ya nomino. Anapofungasha kwa zana iitwayo setuptools, mafaili ya msimbo huchukuliwa, ilhali orodha hiyo huenda ikaachwa, kwa kuwa data isiyo msimbo kwa kawaida hutangazwa waziwazi, ama katika kipengele cha package_data ama katika faili la MANIFEST.in, kutegemea usanidi uliochaguliwa. Kwake yeye programu hufanya kazi barabara, maana huiendesha ndani ya kabrasha lile lile alimoiandikia. Kwa msimamizi wa tasnifu yake, orodha haipo.

Programu ikisimama na kutoa ujumbe wa kosa, hiyo ni bahati njema. Hatari kubwa imo katika programu iliyoandikwa ili, ikikosa orodha, iendelee kwa kanuni za viambishi pekee. Bila orodha ya nomino, neno "walimu" laweza kupasuliwa kuwa wa-li-mu: kiambishi cha nafsi, kiambishi cha wakati uliopita, na mzizi ambao Kiswahili hakina. "Wanawake" nalo huwa wa-na-wak-e, kana kwamba wanawaka moto. Jedwali la vitenzi vya wakati uliopita katika riwaya likishachapishwa, ni nani atakayeshuku kwamba walimu wote wa riwaya hiyo wamehesabiwa humo?

Hata hivyo, si kila ukosefu ni usahaulifu. NLTK, zana ya kuchakata lugha iliyoanzishwa mwaka 2001 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, huiacha mikusanyo yake ya matini nje ya kifurushi kwa makusudi. Mtumiaji huipakua baadaye kwa amri ya nltk.download. Miongoni mwayo zimo tafsiri za Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu, ile ya Kiswahili ikiwemo. Mifumo ya Debian na Ubuntu nayo huigawa Python yenyewe: faili la Python.h, linalohitajika katika kukusanya viendelezi vilivyoandikwa kwa lugha ya C, hupatikana kwa kusakinisha python3-dev, wala si python3 pekee.

Uchunguzi basi uanzie kwenye furushi. Amri ya pip show -f hutaja mafaili yote yaliyosakinishwa. Kwa vifurushi vya Debian hutumika dpkg -L. Ikiwa faili halimo katika orodha hiyo, kusakinisha upya toleo lile lile hata mara kumi hakutalileta. Mwundaji naye aweza kulifungua furushi la aina ya wheel kabla ya kulisambaza, kwani kwa hakika ni faili la zip. Kisha alisakinishe katika mazingira matupu, aliendeshe akiwa katika kabrasha jingine, na msimbo wake uwe umeamrishwa kusimama iwapo orodha haipo au ni tupu. Neno la kwanza la kujaribia liwe "walimu", na jibu linalotarajiwa ni nomino ya ngeli ya A-WA.