Fizi Kukua kwa Sababu ya Dawa: Usiache Vidonge

Huku kwetu, kuanzia Makambako hadi Ikonda, baridi ya Juni na Julai hukusanya watu kwenye moto. Mwenye kifafa akianguka hapo, anaungua. Ndiyo maana nilishtuka mama mmoja aliponieleza kuwa amemwachisha mwanawe vidonge vya kifafa kwa kuwa "vinamwotesha nyama mdomoni".

Alichokiona ni kweli. Fenitoini, dawa ya kifafa inayotumika tangu 1938, hukuza fizi za karibu nusu ya wanaoitumia. Ndani ya miezi michache huota vinundu visivyouma katikati ya meno ya mbele, kisha huungana na kuyafunika meno. Nifedipini ya presha nayo huleta hali hiyo, amlodipini kwa nadra zaidi, na pia siklosporini wanayopewa waliopandikizwa figo. Si saratani, wala si jini.

Lakini dawa haifanyi kazi hiyo peke yake. Mwenzake ni ukoga, ule utando wa vijidudu unaoganda kwenye meno. Aliyekuwa na ugonjwa wa fizi tangu mwanzo, anayetoka damu akipiga mswaki, ndiye huathirika zaidi. Na ajabu ni kwamba pale palipong'oka jino, kwa kawaida fizi haikui. Fizi ikishakua hufanya mifuko, ukoga hujificha humo, mdomo hunuka, na fizi huzidi kuvimba.

Kwa hiyo tunaanza na mswaki, ambao Mtume (s.a.w.) aliuhimiza hadi kukaribia kuuamrisha kwa kila swala. Kusukutua wakati wa kutawadha hakutoshi, maji hayang'oi ukoga. Mswaki wa mti unafaa ukichambuliwa ncha vizuri na kufikishwa magegoni, upande wa ndani, na pale jino linapokutana na ufizi. Wengi wetu (niseme kweli) tunasugua yale yanayoonekana tukicheka. Tumia pia brashi laini na dawa ya meno yenye floridi asubuhi na kabla ya kulala. Damu ikitoka usiache kusugua, sugua kwa upole. Ukoga uliokwisha kuwa mgumu kama jiwe hukwanguliwa na daktari wa meno. Yeye pia huweza kukata fizi iliyozidi, ila huota tena ukoga ukiachwa.

Kubadili dawa ni kazi ya daktari. Badala ya fenitoini zipo nyingine, kama kabamazepini, lakini moja hupunguzwa kidogo kidogo huku nyingine ikiongezwa, na fizi hunywea kwa miezi. Kuacha ghafla kunaweza kuleta kifafa kisichokatika, nacho huua. Anayeacha dawa ya presha anakaribisha kiharusi.

Mwende kliniki na vidonge vyote mnavyotumia nyumbani, mkiwa na maboksi yake. Kijana wa yule mama alirudishiwa dawa siku ile ile, akaandikiwa barua ya kwenda kwa daktari wa meno.