Vitate: Waligoma au Walikoma?

Soma sentensi hizi mbili kwa sauti:

Wachumaji waligoma kuchuma majanichai.
Wachumaji walikoma kuchuma majanichai.

Katika ya kwanza, watu wana madai. Wameweka vikapu chini, na wakisikilizwa watarudi. Katika ya pili, kazi imekwisha. Wewe unayesomea Ndanai hauhitaji kufafanuliwa zaidi, kwani mashine za kuchuma chai zimeingia katika mashamba makubwa ya Kericho na Bomet, na unajua aliyegoma si sawa na aliyekoma. Tofauti yao kwenye karatasi ni herufi moja tu.

Maneno ya namna hii huitwa vitate: matamshi yanakaribiana, maana ziko mbalimbali. Katika Karatasi ya Pili (102/2) unaweza kuulizwa waziwazi utunge sentensi za kuvitofautisha. Katika Karatasi ya Tatu (102/3) hakuna anayekuonya, na huko ndiko vinakoumiza. Tuseme unajadili maudhui ya ulevi katika Bembea ya Maisha ya Timothy Arege. Ulikusudia kuandika, "Ulevi wa Yona ni baa kwa familia yake." Ukaandika, "Ulevi wa Yona ni paa kwa familia yake." Baa ni balaa, paa ndilo linalokukinga mvua. Hoja yako imegeuka juu chini, na mtahini husoma ulichoandika. Ulichokusudia hakioni.

Kwa nini b na p zikusumbue? Ikiwa lugha yako ya kwanza ni Kipsigis, sababu iko katika lugha hiyo. Haitenganishi maneno kwa b na p, wala kwa g na k. Sauti hulegea au hukazika kulingana na jirani zake. Litamke jina lenyewe, Kipsigis: mwanzoni unasikia k, na katikati ya irabu unasikia g. Kwa sikio la nyumbani hizo ni sauti moja. Kwa Kiswahili ni mbili. Basi usikubali kuchekwa. Mwenzako wa Murang'a ana vita vyake na l na r.

Dawa ni kulifunza sikio upya. Weka vidole kooni, utamke "zzzz", kisha "ssss". Kwa z koo linatetemeka, kwa s limetulia. Hiyo ndiyo tofauti ya sauti ghuna na sighuna uliyofundishwa katika isimu. B, d, g, j na z ni ghuna. P, t, k, ch na s ni sighuna. Kwa hivyo joka ni nyoka mkubwa, lakini ukichoka unapumzika. Zana ni vifaa, sana ni mno. Damu hutoka kidondani, tamu ni asali.

Sikio likishindwa, tafuta ndugu za neno. Goma huzaa mgomo. Koma huzaa kikomo. Bora huzaa boresha na uboreshaji, ilhali pora huzaa mporaji na uporaji. Ukiwa na shaka kati ya kiongozi anayeboresha na anayepora, jiulize kwanza alifanya nini na mali ya umma, ndipo uandike herufi. Kukariri orodha ndefu ya vitate usiku wa kuamkia mtihani hakusaidii sana, kwa maoni yangu. Jozi kumi ulizozitungia sentensi zako mwenyewe zinatosha kukuzoesha.

Zoezi

1. Tunga sentensi moja kwa kila jozi kubainisha maana: daraja na taraja, dai na tai, gawa na kawa, shuka na suka.

2. Mwanafunzi aliandika: "Mashine za kuchuma chai ni paa kwa vijana wa Bomet." Je, amekosea tahajia, au ametoa maoni yake? Jibu kwa hoja mbili.