Kutia Sufu Rangi Nyumbani Kabla ya Kusokota

Wafugaji wa Merino na Corriedale katika nyanda za juu kama Kinangop na Molo wanaweza kutia sufu yao rangi jikoni, kwa vifaa vichache. Ni afadhali kufanya hivyo kabla ya kusokota. Rangi isiposhika sawasawa, brashi za kuchania huichanganya. Uzi uliokwisha sokotwa haufichi madoa.

Kinachowapa hasara wengi ni moto, si rangi. Unywele wa sufu una magamba madogo. Joto likibadilika ghafla, au sufu ikisuguliwa ndani ya maji moto, magamba hayo hunasana na sufu yote hugandamana kama kipande cha blanketi. Haichaniki tena wala haisokoteki, na kazi ya msimu mzima wa kukata manyoya huwa imepotea.

Sufu hupimwa ikiwa kavu na safi. Mafuta yake huondolewa kwa kuilowesha katika maji moto yenye sabuni laini, bila kuifikicha. Magadi yasitumike, kwani hula sufu. Kisha huandaliwa shabu, ambayo hushikisha rangi: gramu 10 hadi 12 kwa kila gramu 100 za sufu. Shabu huyeyushwa katika maji ya kutosha sufu kuelea, sufu iliyoloweshwa huingizwa, na moto hupandishwa polepole kwa muda wa saa moja hadi mvuke utoke bila maji kuchemka, yaani nyuzi joto 80 hivi. Hukaa hapo saa moja, kisha huachwa ipoe yenyewe, ikiwezekana hadi asubuhi.

Rangi hutengenezwa katika sufuria nyingine. Maganda makavu ya vitunguu, uzito sawa na wa sufu, huchemshwa saa moja na kuchujwa. Hutoa manjano iliyokolea hadi rangi ya machungwa. Gugu la mubangi, ambalo wakulima hung'oa na kutupa, hutoa manjano pia. Sufu huwekwa katika maji hayo yakiwa vuguvugu na kupashwa moto polepole vilevile. Hugeuzwa kwa mwiko mara chache tu, haikorogwi kama uji. Ikipoa, husuuzwa kwa maji ya joto lilelile, hukamuliwa kwa kubonyezwa na kuanikwa kivulini.

Sufuria ya kazi hii isirudi kupikia chakula.

Viazi vyekundu vya kachumbari, yaani bitiruti, huvutia machoni lakini rangi yake hutoka kwa kuoshwa. Manjano ya bizari hupauka juani. Kwa hiyo, kabla ya kupokea oda ya mteja, kipande kidogo cha sufu kianikwe juani kwa wiki mbili, nusu yake ikiwa imefunikwa kwa karatasi nene, kisha nusu hizo mbili zilinganishwe.