Kauli Kinywani mwa Mhusika: Lugha katika Kazi ya Hergé, Mtunzi na Mchoraji wa Hadithi za Picha

Ikisiri

Makala hii inachunguza kazi ya Georges Remi (1907–1983), Mbelgiji ajulikanaye kwa jina la Hergé, kwa kuangalia lugha aliyowapa wahusika wake wasio Wazungu. Tunadai kwamba tofauti kati ya kauli ya Mwafrika na kauli ya Mchina katika hadithi zake haikutokana na upungufu wa kipaji. Ilitegemea kama mwenye lugha alipata nafasi ya kusikilizwa. Mwishoni tunajadili suala hili linavyomhusu mfasiri wa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Katika hadithi za picha, maneno ya mhusika huandikwa ndani ya kiputo kinachotoka kinywani mwake. Aghalabu hakuna msimulizi wa kumfasiria msomaji mambo. Mhusika hujulikana kwa sura na kwa kauli yake. Mtunzi ambaye pia ndiye mchoraji huamua yote mawili. Uhakiki mwingi juu ya Hergé umezingatia sura. Hapa tutazingatia kauli.

2.0 Mwanzo wa Kazi

Hergé alizaliwa Etterbeek, Brussels. Jina lake la kalamu ni matamshi ya Kifaransa ya herufi R na G, yaani herufi za kwanza za majina yake zilizogeuzwa. Mhusika wake mkuu, Tintin, alitokea mara ya kwanza tarehe 10 Januari 1929 katika Le Petit Vingtième, nyongeza ya watoto ya gazeti la Kikatoliki la Le Vingtième Siècle lililoongozwa na Padre Norbert Wallez. Hadithi ya pili, Tintin au Congo, ilichapishwa humo kati ya 1930 na 1931. Wallez alitaka watoto wa Kibelgiji waipende koloni. Hergé mwenyewe hakuwahi kufika Kongo.

3.0 Mkongo Asiye na Lugha

Mambo matatu yanajitokeza katika hadithi hiyo. Kwanza, Wakongo huzungumza Kifaransa kilichovunjwa, ambacho Wafaransa walikiita petit-nègre. Wanakitumia na Tintin, na wanakitumia hata wao kwa wao. Kiisimujamii, jambo hili halina mantiki. Mtu anaweza kukosea lugha ya kigeni mbele ya mgeni, lakini hakuna sababu ya kuivunja lugha hiyo hiyo anapoteta na ndugu yake.

Pili, majina ya makabila ni mzaha wa Kifaransa. Babaoro'm ni keki iitwayo baba au rhum, na M'Hatouvou ni m'as-tu-vu, yaani mtu wa kujionyesha.

Tatu, mganga wa Babaoro'm anaitwa Muganga. Msomaji wa Kiswahili atalitambua neno hilo mara moja, pamoja na kiambishi mu- kinachosikika katika Kiswahili cha Kongo. Nomino ya kazi imegeuzwa kuwa jina la mtu. Neno la Kibantu limeingia hadithini likiwa pambo tu, bila sarufi yake.

Historia inatuonyesha hali tofauti. Johannes Fabian, katika utafiti wake wa mwaka 1986, ameeleza jinsi Kiswahili kilivyofungamana na utawala wa Wabelgiji huko Kongo. Katika Afrika Mashariki tunakifahamu Kisetla, yaani Kiswahili kilichovunjwa na mlowezi mwenyewe alipowaamuru watumishi wake. Mara nyingi, basi, aliyevunja lugha ya mwenzake alikuwa mtawala. Katika kitabu cha Hergé, mvunjaji ni mtawaliwa peke yake.

4.0 Sikio Alikuwa Nalo

Yawezekana mtu akasema kwamba Hergé hakujali lugha. Ushahidi unakanusha. Katika L'Oreille cassée (1935–1937) aliwabunia Waarumbaya lugha yao, akiijenga juu ya lahaja ya watu wa kawaida wa mtaa wa Marolles, Brussels. Baadaye aliitumia lahaja hiyo tena katika kubuni Kisildavia. Watu wasiokuwapo duniani walipewa lugha, ilhali Wakongo, wenye Kikongo, Kilingala, Kiluba na Kiswahili, hawakupewa.

Mwaka 1934 Hergé alikutana na Zhang Chongren, mwanafunzi wa Kichina aliyekuwa akisomea uchongaji mjini Brussels. Kutokana na urafiki wao, katika Le Lotus bleu, Wachina huzungumza Kifaransa kizuri, na maandishi ya mabango ya mitaani ni Kichina halisi kilichoandikwa kwa msaada wa Zhang. Safari hii mwenye lugha alikuwapo mezani.

5.0 Marekebisho na Mipaka Yake

Mwaka 1946 Tintin au Congo ilichorwa upya kwa rangi. Katika toleo la 1931, Tintin anawafundisha wanafunzi wa Kongo kwamba nchi yao ni Ubelgiji; katika toleo jipya anawafundisha kujumlisha. Somo lilibadilishwa, lakini kauli ya Wakongo ilibaki imevunjwa.

Coke en stock, iliyotoka kama kitabu mwaka 1958, inashambulia biashara ya utumwa: mahujaji wa Kiafrika waendao Makka wanauzwa. Nia ni njema, lakini mahujaji hao nao walipewa Kifaransa kile kile. Mtunzi aliwafungua minyororo ya miguu, akawaachia ya ulimi. Jarida la Jeune Afrique lilimkosoa mwaka 1962, na katika toleo la 1967 kauli zao zilirekebishwa. Kwa mara nyingine, mabadiliko yalifuata sauti ya wahusika halisi.

Mwaka 2012 mahakama ya Brussels ilikataa ombi la raia wa Kongo la kutaka Tintin au Congo ipigwe marufuku. Swali la sheria si letu. Kwa mwanaisimu, kitabu hicho ni ushahidi, na ushahidi hauna budi kusomwa.

6.0 Tatizo la Mfasiri

Mfasiri wa Kiswahili afanye nini? Akiandika Kiswahili kilichovunjwa, anamdhalilisha Mkongo mara ya pili, tena kwa lugha ambayo Wakongo wengi ni wenyewe. Akiandika Kiswahili sanifu, anaufuta ushahidi. Kwa maoni yetu, toleo la wanazuoni lihifadhi uvunjaji huo na kuueleza katika dibaji. Toleo la watoto liwape Wakongo kauli kamili, na mfasiri akiri wazi kwamba amebadilisha.

7.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba Hergé alikuwa na sikio la lugha, na kwamba aliwapa wengine kauli kamili pale walipoweza kumsemesha. Hadithi za picha za Kiswahili nazo zina wahusika wachekeshao kwa lafudhi ya kabila fulani au ya mgeni. Inafaa watafiti wachunguze ni nani hupewa kauli iliyovunjwa, mbele ya nani, na kama hivyo ndivyo azungumzavyo akiwa na wenzake.