Motokaa ya Mkubwa na Fedha ya Watu



Somo letu la mwezi huu latuuliza neno moja: je, yafaa wakubwa wa serikali za mitaa waendeshwe katika motokaa za fahari zilizonunuliwa kwa fedha ya watu wote? Neno hili huzungumzwa sana sokoni na barazani, na mara nyingi huzungumzwa kwa hasira au kwa mzaha. Wengine huwalaumu wakubwa wote pamoja, kana kwamba kila aketiye ndani ya motokaa ni mwivi. Wengine husema, “Waacheni wale, ndiyo zamu yao.” Maneno hayo mawili hayatufai. Na tulitazame jambo lenyewe kwa utaratibu, tukipima upande huu na upande huu, ndipo tukate shauri.

1. Motokaa ni ya nani?

Katika Tanzania motokaa za serikali za mitaa hutambulikana kwa namba zake, zianzazo na herufi SM. Herufi hizo mbili ni kama alama ichomwayo juu ya ng’ombe: zatangaza mwenye mali ni nani. Mwenye mali si mkurugenzi, wala si mwenyekiti wa halmashauri, wala si dereva. Ni watu wa wilaya, wale waliotoa ushuru wa mazao, na ada za leseni, na kodi zilizokwenda Serikali Kuu kisha zikarudi wilayani kwa njia ya ruzuku. Mkulima aliyeuza magunia yake ya mahindi amelipia sehemu ya gurudumu, ijapokuwa yeye mwenyewe pengine hatapanda ndani yake hata siku moja.

Basi mkubwa aitumiaye motokaa hiyo ni wakili. Amekabidhiwa mali ya wengine ili awatumikie wao. Ulizo la kwanza la wakili si hili, “Napenda nini?” wala hili, “Wenzangu wana nini?” Ulizo lake ni hili: “Kazi niliyopewa yahitaji nini?”

2. Kazi yahitaji chombo

Yatupasa kusema kweli kwa pande zote. Wilaya zetu nyingi ni kubwa, na vijiji viko mbali na makao ya halmashauri. Wakati wa masika njia hujaa matope, mito hufurika, na motokaa ndogo hukwama. Afisa asiyetoka ofisini hajui kama zahanati ina dawa, wala kama darasa lililoandikwa katika taarifa limejengwa kweli. Kwa hiyo mtu asemaye kwamba wakubwa wote waende kwa miguu hajaifikiri kazi yao. Motokaa imara, iwezayo kupanda vilima na kuvuka matope, ni chombo cha kazi kama jembe la mkulima na randa ya seremala.

Lakini iko motokaa ya kazi, na iko motokaa ya fahari. Kiwanda kile kile cha Toyota hutengeneza Land Cruiser ngumu isiyo na mapambo, ambayo hospitali nyingi za bara huitumia kuchukulia wagonjwa. Tena hutengeneza Land Cruiser nyingine, yenye viti vya ngozi na hewa baridi na injini kubwa. Hiyo ya pili watu wa Tanzania wameiita shangingi, neno ambalo pia hutumika kwa mwanamke ajipambaye ili atazamwe. Jina hilo la mzaha lina fundisho ndani yake. Watu wameona kwamba chombo hicho hakikununuliwa ili kiende tu, bali pia ili kionekane.

Tutazipambanuaje hizo mbili? Iko njia nyepesi. Chukua kila kitu kilichomo motokaani, kisha uulize: kitu hiki kikiondolewa, kazi ya wilaya itasimama? Magurudumu mazito yakiondolewa, safari ya kijiji cha mlimani itashindikana. Basi yafaa yawepo. Viti vya ngozi vikiondolewa, hakuna mwananchi atakayekosa huduma. Tena tazama njia inakopita. Motokaa iliyoombwa kwa sababu ya matope ya vijijini, kisha ikashinda mwaka mzima juu ya lami kati ya ofisi na nyumba na hoteli, imejishuhudia yenyewe.

3. Gharama haiishi dukani

Watu wengi huuliza bei ya kununua tu. Lakini motokaa hununuliwa mara moja, na hulishwa kila siku. Itataka mafuta, magurudumu mapya, vipuri, na mafundi wanaoijua. Na kadiri ilivyo ya fahari, ndivyo vipuri vyake vilivyo ghali. Tufanye hesabu moja ya mfano, ili tuone jinsi jambo hili linavyokwenda.

Tuseme motokaa mbili zaenda kilometa 30,000 kila moja kwa mwaka. Ya kwanza, iliyo nyepesi, yaenda kilometa 12 kwa lita moja ya mafuta. Ya pili, iliyo kubwa na nzito, yaenda kilometa 8. Ya kwanza itatumia lita 2,500 kwa mwaka, na ya pili lita 3,750. Tofauti yake ni lita 1,250. Motokaa hiyo ikitumika miaka 8, tofauti itakuwa lita 10,000, nasi hatujahesabu bado bei ya kununua wala vipuri.

Lita 10,000 ni nini? Gari la wagonjwa liendalo kilometa 8 kwa lita laweza kwenda kilometa 80,000 kwa mafuta hayo. Ikiwa safari ya kutoka hospitali hata kijijini na kurudi ni kilometa 80, basi ni safari 1,000. Safari 1,000 za kumfuata mama aliyeshikwa na uchungu usiku, au mtoto aliyezidiwa na homa! Kila mmoja wetu ajua kijiji ambacho jamaa huchanga fedha ya mafuta kabla gari la wagonjwa halijaondoka. Hapo ndipo tuonapo kwamba swali letu si swali la wivu. Fedha ya halmashauri ni kibaba kimoja; kilichomiminwa huku hakipatikani kule.

4. Mifano ya nchi zetu

Jambo hili si geni kwetu. Katika miaka ya 1960, uhuru ulipokuwa bado mchanga, watu wa Afrika ya Mashariki walibuni neno “Wabenzi,” kwa kufuata jina la Mercedes-Benz. Walilitamka kama jina la kabila, kana kwamba kabila jipya limezaliwa katika nchi, kabila la wakubwa wenye motokaa hizo.

Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kukataa masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo kwayo mshahara wao ungepunguzwa. Nao wakanung’unikia mishahara minono ya wakubwa. Mwalimu Julius Nyerere aliwakasirikia akawafukuza chuoni, lakini aliipokea sehemu ya kweli iliyokuwamo katika maneno yao: alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa sehemu 20 katika 100. Miezi michache baadaye, Februari 1967, Azimio la Arusha likatangazwa, na ndani yake viongozi wakakatazwa kupokea mishahara miwili, na kuwa na nyumba za kupangisha, na kuwa na hisa katika makampuni. Mwaka 1991, katika mkutano wa chama uliofanyika Zanzibar, miiko hiyo ililegezwa.

Jirani zetu wa Kenya nao waliona mambo kama hayo. Mwaka 2006 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya, pamoja na tawi la Kenya la shirika la Transparency International, walitoa taarifa ya kwamba serikali iliyoingia madarakani kwa ahadi ya kukomesha ufisadi ilitumia zaidi ya dola milioni 12 kununua motokaa za fahari katika muda usiotimia miaka miwili, tangu Januari 2003 hata Septemba 2004. Juni 2009 Waziri wa Fedha, Uhuru Kenyatta, alitangaza katika hotuba ya bajeti kwamba motokaa za wakubwa zisizidi injini ya sentimeta za ujazo 1,800, na mawaziri wakaletewa Volkswagen Passat. Nchini Rwanda, mwaka 2005, serikali ilikusanya motokaa zake nyingi ikaziuza kwa mnada, na maofisa wakawekewa utaratibu wa kununua motokaa zao wenyewe kwa msaada wa serikali, wazitunze wenyewe.

Katika mifano hii twajifunza mambo mawili. Kwanza, jambo laweza kubadilika. Si kama mvua, ambayo hatuna amri juu yake. Pili, amri ya mtu mmoja hudumu siku chache, ikiwa hakuna daftari na watu wa kulisoma. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

5. Neno la heshima

Huenda mtu akasema, “Mkubwa akija kwa motokaa duni, watu watamdharau, na amri zake hazitasikiwa.” Neno hili lina uzito, wala tusilicheke. Cheo chahitaji heshima, maana pasipo heshima hapana utaratibu.

Lakini heshima yatoka wapi? Tumtazame Nehemia, aliyekuwa liwali wa Yuda chini ya mfalme wa Uajemi. Habari zake zimo katika sura ya tano ya kitabu chake. Sheria ilimpa haki ya kula posho ya liwali, na maliwali waliomtangulia waliila. Yeye muda wa miaka 12 hakuidai, ingawa alikuwa na wageni wengi mezani pake. Sababu yake aliitaja waziwazi: mzigo wa watu ulikuwa mzito. Tazameni, hakusema kwamba posho ni haramu. Alitambua kwamba jambo laweza kuwa halali kwa sheria, lakini lisifae kwa wakati ule na kwa watu wale. Wala watu hawakumdharau. Waliujenga ukuta pamoja naye.

Na sisi tujipime. Nani awafundishaye wakubwa kwamba heshima ni motokaa? Mara nyingi ni sisi wenyewe. Kijana wetu akipata cheo, jamaa humwuliza, “Mbona bado hujabadilika?” Diwani akija mkutanoni kwa pikipiki, twamnong’ona, mwingine akija na vumbi kubwa, twampisha viti vya mbele. Tukifanya hivyo, kisha tukalalamika juu ya fahari ya wakubwa, twalalamikia mbegu tuliyoipanda kwa mikono yetu.

6. Basi yatupasa nini?

Jibu la somo letu ni hili: mkubwa wa serikali ya mitaa na apewe motokaa itoshayo kazi yake, imara na salama, lakini fahari iliyozidi kazi, asiitwike migongo ya watu. Akipenda fahari, ainunue kwa mshahara wake.

Tena manung’uniko ya barazani hayatengenezi kitu. Zipo njia za halali. Kwa sheria ya Tanzania ya mwaka 1982 juu ya serikali za mitaa katika wilaya, kila kijiji kina mkutano wake mkuu, na kila mtu mzima mkazi wa kijiji aweza kusema humo. Kila kata ina diwani, ambaye hukaa katika baraza lipitishalo bajeti ya halmashauri kabla ya mwaka wa fedha kuanza tarehe 1 Julai. Naye Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukagua hesabu za halmashauri kila mwaka, na taarifa yake hupelekwa Bungeni na kutolewa kwa watu wote. Asomaye na awasomee wasiojua kusoma.

Mtu akitaka kuuliza, na aulize kwa adabu na kwa maneno ya hakika. Asiseme, “Ninyi mnakula fedha zetu.” Aseme, “Bwana Diwani, twaomba kujua: katika bajeti hii fungu la motokaa ni kiasi gani? Fungu la gari la wagonjwa ni kiasi gani? Daftari la safari laonyesha motokaa hiyo ilifika vijijini mara ngapi?” Mkubwa mwaminifu hataogopa maulizo hayo, atayafurahia, maana yatamtenga na wasio waaminifu. Na asiye mwaminifu atajua kwamba wenye mali wameamka.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Herufi SM juu ya motokaa zatuambia nini juu ya mwenye mali?
2. Tajeni vitu ambavyo kazi ya wilaya yenu yavihitaji kweli katika motokaa, na vitu ambavyo haivihitaji.
3. Kwa nini haitoshi kuuliza bei ya kununua tu?
4. Nehemia alikuwa na haki ya kuidai posho yake. Kwa nini hakuidai? Je, ni mambo gani siku hizi yaliyo halali lakini hayafai?
5. Sisi wenyewe twawaheshimuje viongozi wajao bila fahari, serikalini na hata katika usharika wetu?
6. Mkutano mkuu wa kijiji chenu ulifanyika lini, na hesabu zilisomwa?